Shahidi wa Mnunuzi

Hapana kitu kidogo kisichostahili kufanywa vizuri, wala hapana kitu kidogo kisichostahili kusemwa kweli. Mtu aliyetengeneza kitu ana deni kwa mtu atakayekitumia. Mtu aliyekisifu au kukilaumu kitu hicho mbele ya watu ana deni pia. La kwanza hulipwa kwa mkono. La pili hulipwa kwa ulimi. Watu wengi hulikumbuka la kwanza wakalisahau la pili. Katika insha hii nataka kusema nawe, msomaji, juu ya deni la ulimi, na mifano yangu nitaitwaa katika vitu ambavyo huenda ukavicheka: vitumbwi vya watoto na magari moshi ya kuchezea.

Mto Tana ni mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutoka katika milima ya bara, ukashuka katika nyanda kavu, ukapita Garissa, Hola na Garsen, kisha ukaingia katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Kando yake Wapokomo hulima na kuvua, na Waorma na Wawardei huchunga na kunywesha mifugo. Katika nchi ile mtumbwi si pambo. Ni daraja la mahali pasipo daraja. Hubeba mpunga, ndizi na maembe. Na katika miaka ya mafuriko, kama ile ya 1997 na 1998, na tena mwishoni mwa 2023, kwa watu wengi ulikuwa ndio mlango wa pekee wa kutokea nyumbani. Mtumbwi huchongwa katika gogo moja. Ikiwa gogo lina ufa wa ndani au limeoza moyoni, aghalabu ubaya huo hauonekani siku ya kununua. Huonekana katikati ya mto, mahali ambapo mamba na kiboko ndio wenyeji na mwanadamu ni mgeni.

Sisi watoto wa kando ya mto tulichonga vitumbwi vyetu wenyewe, vyenye urefu wa dhiraa moja, tukavishindanisha katika maji yaliyotuama baada ya mto kupungua. Hakimu wetu alikuwa mzee mmoja mchongaji. Tulimwita Babu, ingawa wengi wetu hatukuwa wa damu yake. Mzee huyu alitazama vitumbwi vyetu kama alivyotazama mitumbwi mikubwa, na desturi zake tatu sijazisahau.

Desturi ya kwanza, hakutoa neno kabla ya kukitia kitumbwi majini. Mtoto akimpelekea kitumbwi akitaka sifa, alimwambia, "Mjukuu wangu, hapa mchangani kila mtumbwi ni mzuri. Twende majini." Desturi ya pili, aliposema ubaya, alionyesha mahali pake. Hakusema, "Kitumbwi hiki kibaya," akanyamaza. Alisema, "Kimelalia kushoto kwa sababu ubavu wa kushoto ni mnene. Upunguze hapa, penye kidole changu." Mtoto aliondoka na huzuni kidogo, lakini aliondoka na kazi ya kufanya. Desturi ya tatu ndiyo iliyotushangaza kuliko zote. Mjukuu wake wa kuzaliwa alipoleta kitumbwi, mzee alirudi nyuma hatua moja akasema, "Huyu ni wangu. Mwulizeni mwingine." Hakuogopa kwamba atasema uongo, alijua kwamba hata akisema kweli, hapana atakayekuwa na hakika ya kweli yake.

Usidhani kwamba haya yalikuwa ni mambo ya watoto tu. Mwaka mmoja uliletwa mtumbwi wa kuuzwa, umepakwa lami mpya, unang'aa. Mama mmoja mjane, ambaye shamba lake lilikuwa ng'ambo ya mto, alitaka kuununua kwa akiba yake yote. Watu waliokuwapo waliusifu, mmoja kwa sababu alipenda rangi yake, mwingine kwa sababu mwenzake ameusifu. Mzee aliombwa neno, naye akataka mtumbwi ulazwe majini usiku mmoja ukiwa na mawe ndani. Asubuhi ulikutwa una maji ya kufika kifundo cha mguu. Lami ilikuwa imeficha ufa. Mwenye kuuza alikuwa shemeji yake mzee, na toka siku ile shemeji hakukanyaga tena uani kwake kwa muda wa miaka mingi. Hiyo ndiyo gharama ya ushuhuda wa kweli, na ni vema uijue mapema. Lakini mama yule aliendelea kuvuka mto kwa mtumbwi mwingine, na watoto wake walikua wakiwa na mama.

Nimesimulia habari za mtumbwi ili nipate njia ya kusema habari za gari moshi. Reli haijafika Garsen. Ujenzi wa reli ya kwanza kutoka Mombasa kwenda bara ulianza mwaka 1896, ukafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Na reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017. Hata hivyo, msafiri wa Garsen bado hupanda basi. Lakini mapenzi hayangoji reli. Wako vijana wa Tana wanaopenda magari moshi kwa kuyaona katika picha za simu tu, kama vile wako watu wa bara wanaopenda majahazi kabla ya kuiona bahari.

Ulimwenguni mapenzi haya ni makubwa. Huko Uingereza, Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza magari moshi madogo mwaka 1920, na toka wakati huo mchezo huu umewavuta watoto na hata wazee wenye mvi. Katika kipimo kimoja kinachopendwa sana, gari hupunguzwa hata likawa sehemu moja ya 87 ya gari la kweli, na nafasi iliyo kati ya reli mbili ni milimita 16.5 tu. Katika udogo huo, kosa lisiloonekana kwa jicho hutosha kulitoa gari relini. Kwa hiyo ukaguzi katika kiwanda ni jambo kubwa. Lakini kukagua kila gari kwa mkono ni ghali, na viwanda vingi hutwaa machache, huyapima, kisha huamini kwamba yaliyobaki ni sawa na hayo. Hesabu hii peke yake si uovu. Uovu huingia pale kiwanda kinapopunguza ukaguzi ili kiuze upesi, maana hapo mnunuzi hugeuzwa mkaguzi bila kujua na bila mshahara.

Tena kuna ubaya ambao hata mkaguzi hodari hauoni siku ya kwanza. Kabla ya Vita Vikuu vya Pili, viwanda kadha wa kadha vilitengeneza sehemu za magari hayo madogo kwa zinki iliyochanganywa na madini mengine. Risasi kidogo ikiingia katika mchanganyiko huo kwa uzembe, gari hutoka kiwandani likiwa zuri kabisa. Baada ya miaka, madini huvimba, hupasuka na kumomonyoka kama mkate mkavu. Basi, aliyelisifu gari la namna hiyo siku ya kulinunua hakusema uongo; ila ushuhuda wake ulikuwa wa siku moja, na gari lilinunuliwa lidumu miaka.

Mpwa wangu, kijana wa Garsen, aliweka fedha kwa misimu miwili ya maembe ili aagize gari moshi moja na reli zake. Kabla ya kulipa alitazama katika simu ushuhuda wa mtu mmoja aliyelisifu sana. Mzigo ulikuja kwa basi. Tulizipanga reli sakafuni, na gari likaenda vizuri mahali palipo sawa. Lakini kila lilipofika penye kona lilianguka. Kijana hakulia wala hakutukana. Alitwaa kipimo, akapima magurudumu, akaona kwamba ya mbele yalikaribiana kuliko ya nyuma. Kisha akautazama upya ule ushuhuda. Mle ndani gari lilionyeshwa likisimama juu ya meza na likienda mbele kwa hatua chache, lakini halikupitishwa katika kona hata mara moja. Mwishoni, kwa maandishi madogo, iliandikwa kwamba mwenye kusifu alipewa gari lile bure na mwenye kuliuza.

Kijana akaniambia, "Mjomba, mtu huyu hakusema uongo. Alisema alichokiona. Hakusema asichokijaribu."

Neno hilo nimelifikiri mara nyingi. Tumezoea kumwogopa mwongo, na ni haki kumwogopa. Lakini katika biashara ya siku hizi, madhara makubwa huletwa na mtu asemaye nusu ya kweli iliyo tamu na kuiacha nusu iliyo chungu. Mnunuzi wa Garsen hana duka la kuingia akakigusa kitu, akakigeuza, akakijaribu. Mtu aliyekwisha kukishika kitu ndiye macho yake na ndiye mikono yake. Shahidi akifumba jicho moja, mnunuzi huwa chongo bila kujua.

Mpwa wangu naye akaandika ushuhuda wake. Alitaja kwamba gari alilinunua kwa fedha yake mwenyewe. Alitaja siku alizolitumia, na vipimo vya magurudumu. Akasema rangi yake ni nzuri na mashine yake haina kelele, maana hayo pia yalikuwa kweli. Akamaliza kwa kusema kwamba alinunua gari moja tu, basi hawezi kuyahukumu mengine. Ushuhuda huo haukumrudishia fedha yake, wala mwenye kuuza hakumjibu. Ulifanya kazi moja tu: aliyekuja nyuma yake alijua.

Lakini yatupasa kumtendea haki fundi pia. Uko ulimi mwingine unaodhuru kama ulimi wa kusifu ovyo, nao ni ulimi wa kulaumu ovyo. Wako watu waliogundua kwamba matusi hukusanya wasikilizaji upesi kuliko haki. Kishikio kikivunjika ndani ya basi, humlaumu aliyekitengeneza. Kitu kimoja kikiwa na kosa, husema vyote ni takataka. Fundi ni mtu. Ana watoto, ana deni, ana jina lililomgharimu miaka kulijenga. Mzee wetu hakumvunja moyo hata mtoto mmoja aliyechonga vibaya, kwa kuwa alijua kwamba mtoto huyo akiacha kuchonga, siku moja kijiji kitakosa mitumbwi. Lawama isiyoonyesha mahali penye kosa haimsaidii mnunuzi wala fundi. Humsaidia msemaji peke yake.

Serikali hazikulala juu ya mambo haya. Kenya ilianzisha kwa sheria shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, mwaka 1974, na alama yake huonekana juu ya bidhaa nyingi madukani. Marekani nayo, mwaka 2024, ilitoa kanuni ya kukataza ushuhuda wa uongo juu ya bidhaa, pamoja na ushuhuda wa kununuliwa. Mambo hayo ni mema. Hata hivyo, sheria humkamata aliyesema uongo. Ni vigumu kumkamata aliyenyamaza mahali palipompasa kusema. Hapo mlinzi ni dhamiri ya mtu mwenyewe, na dhamiri hufundishwa katika vitu vidogo kabla ya kujaribiwa katika vikubwa.

Huenda ukaniuliza, "Gari la kuchezea lina maana gani mbele ya njaa, mafuriko na maradhi?" Nakujibu kwamba ulimi ni mmoja. Anayezoea kusifu gari dogo kwa sababu alipewa bure, kesho atasifu mashine ya kuvuta maji kwa sababu iyo hiyo; na mkulima wa Tana atakayeinunua kwa ushuhuda wake ataona mpunga wake ukikauka hatua mia kutoka mtoni. Kesho kutwa atasifu mbegu, na baadaye dawa.

Basi, wewe uliye shuleni leo, utaombwa ushuhuda mara nyingi katika maisha yako: juu ya simu, kitabu, fundi, au kazi ya rafiki. Ukiulizwa, kwanza jiulize kama umekitia kitu hicho majini. Kama hukukijaribu, sema hukukijaribu. Kama umekaa nacho siku mbili, sema siku mbili. Kama ulipewa, au mwenye nacho ni ndugu yako, litaje hilo mwanzo na si mwisho, kwa maandishi makubwa na si madogo. Ukiona kosa, weka kidole mahali pake; ukiona uzuri, usiufiche kwa sababu ya kosa. Na ukiona kwamba kweli yako itamchukiza shemeji, basi ujue kwamba umefika mahali ambapo ushuhuda wako una thamani, kwa maana yuko mtu ng'ambo ya mto, usiyemjua kwa jina, anayengoja kuvuka kwa neno lako.