Gati Halijengwi Kabla ya Maji Kupimwa

Mvua inyeshayo Nyakabanda haiendi Kivu. Hili ni jambo ambalo wakazi wengi wa mtaa huo wa Nyarugenge, mjini Kigali, hawana sababu ya kulifikiri. Maji huteremka vichochoroni, hujikusanya katika mfereji mkubwa wa Mpazi ambao wenyeji huuita ruhurura, huingia Nyabugogo, kisha Nyabarongo, kisha Akagera, na mwisho wake ni Ziwa Viktoria na mto Naili. Maji ya Kivu nayo yana njia yake: hutoka kwa mto Rusizi, hushuka Tanganyika, na kutoka huko hupita Lukuga na mto Kongo hadi bahari ya Atlantiki. Baina ya njia hizo mbili umelala mgongo wa milima. Basi mama mmoja mkaaji wa Nyakabanda, mke wa askari polisi wa kikosi cha majini, aliposikia kwamba kazi ya gati dogo la upande wa Rutsiro imesimamishwa kwa ajili ya ubora wa maji, alidhani hiyo ni habari ya watu wengine. Kilichomhusu yeye ni sambaza.

Mama huyo huuza sambaza wakavu. Samaki hao wadogo hawakuwamo Kivu tangu asili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, wakazaliana, na leo hakuna jiko la Kigali lisilowajua. Mzigo wake hupakiwa mashuani, huteremshwa kwenye mwalo ule wa Rutsiro, hupandishwa kwa lori hadi stendi ya Nyabugogo, na kutoka hapo humfikia juu ya kichwa cha mchukuzi. Sehemu ngumu ya safari hiyo yote ni hatua chache za mwisho majini. Gati la zamani lilikuwa la mbao zilizooza, na mbele yake tope limejaa hata mashua haziwezi kukaribia. Abiria walibebwa mgongoni. Magunia yalibebwa begani, na gunia likianguka majini mara moja tu, sambaza huota ukungu kabla ya kufika sokoni. Ushirika wa wenye mashua ulikuwa umekwisha kukusanya fedha za kurefusha gati, kuchimba tope, kujenga choo cha abiria na kibanda cha kuwekea mizigo. Fundi alikwisha patikana. Ndipo makabrasha yakarudishwa.

Yafaa ieleweke kilichoyarudisha. Nchini Rwanda, mtu hawezi kuchimba wala kujenga ndani ya ziwa kwa hiari yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2005 ilikwisha kuweka mpaka wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa na mita 10 kutoka ukingo wa mto kwa wakulima na wafugaji. Baadaye zikaja sheria mbili za tarehe moja, 13 Agosti 2018: Sheria Na. 48/2018 kuhusu mazingira, na Sheria Na. 49/2018 kuhusu matumizi na usimamizi wa rasilimali za maji. Kwa pamoja zinataka kazi ya namna hiyo ichunguzwe athari zake kabla ya jembe la kwanza, na atakayegusa maji awe na ruhusa ya kuyagusa. Bandari kubwa za Kivu zilizopangwa kwa ajili ya Rubavu, Karongi, Rusizi na Nkora nazo zilipaswa kupita mlango huo. Waombaji wa gati la mbao walidhani mlango wao ungekuwa mpana zaidi kwa sababu gati lao ni dogo. Haukuwa mpana. Karatasi yao ilieleza urefu wa gati, idadi ya nguzo na bei ya saruji, lakini haikuwa na hata namba moja ya kuonyesha hali ya maji yenyewe. Wakaambiwa wapime maji wakati wa kiangazi, wayapime tena wakati wa masika, ndipo warudi.

Masika yalikuwa bado miezi mitatu.

Askari alipokuja nyumbani likizo, aliyakuta maneno yakimngoja pamoja na chakula. "Baba watoto," mkewe alisema, "mnapima nini katika ziwa? Tope limo tangu enzi za mababu. Hata fundi asipochimba, mvua ikinyesha maji yanakuwa mekundu. Na kila wiki inayopita, gunia moja langu linalowa."

Mumewe hakubisha juu ya gunia. Alisema, "Mama watoto, sikiliza. Siku tope likizidi, mvuvi atakuja kituoni aseme ni gati. Fundi naye atasema ni mto. Wote wawili watapiga kelele mbele yangu, nami sina hata kipimo kimoja kilichoandikwa kabla ya kazi kuanza. Nimfunge nani?"

Hapo ndipo ulipo moyo wa jambo hili, na askari wengi wa majini wanalijua kuliko wataalamu wa mjini. Mgomvi mmoja na mwingine waweza kupatanishwa ikiwa kuna kitu kilichopimwa siku ambayo hapakuwa na ugomvi. Hata hivyo mama naye alikuwa na haki yake. Miezi mitatu ya kungoja haikulipiwa na mwandishi wa sheria wala na mpokea makabrasha; ililipiwa na wachuuzi wa sambaza na wachukuzi wa mizigo. Laiti ushirika ungeambiwa tangu siku ya kwanza kwamba misimu miwili inahitajika, ungeanza kupima mapema, na hasara ingekuwa nusu yake.

Kuhusu tope, mama huyo hakuhitaji kufundishwa na mtu. Chini ya Nyakabanda, huko Kimisagara, upo mtambo wa kusafisha maji ya mto Yanze kwa ajili ya jiji. Mvua kubwa ikinyesha vilimani mto hugeuka uji wa udongo, mtambo huelemewa, na mabomba ya majirani hukauka wakati ule ule mbingu zinapomwaga maji. Siku hizo yeye hukinga maji ya paa na kuyaacha madumu yatulie usiku kucha. Asubuhi huyamimina taratibu bila kutikisa masimbi, huyachuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo huyachemsha. Jirani mmoja alikuwa na desturi ya kutia dawa ya klorini moja kwa moja katika maji ya tope, akastaajabu watoto wake kuendelea kuharisha. Dawa hiyo humalizwa na uchafu kabla haijafanya kazi, na vijidudu hujificha ndani ya chembe za udongo kama panya ndani ya debe la mchele. Tope si rangi tu.

Mambo haya ya nyumbani ndiyo yaliyoulizwa na karatasi ya kibali, ila kwa lugha ya ofisi: tope ni kiasi gani, uchachu wa maji, hewa ya oksijeni iliyomo, mafuta, vijidudu vya kinyesi. Kando ya ziwa maswali hayo yana uzito wa pekee. Samaki wachanga wa sambaza hukaa karibu na ufuko kabla ya kukomaa na kwenda kilindini. Tope likiwafunika hapo, mvuvi hataliona pengo lao ila msimu ujao. Na wako watu wanaochota maji ya kunywa ziwani. Mwaka 1994, wakimbizi walipofurika Goma, wengi walikunywa maji ya ziwa hili bila kuyachemsha, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu kwa muda wa majuma machache. Ziwa lile lile, na mwambao wake hauko mbali na mwalo huu.

Fundi alikuwa na hoja yake, nayo haikuwa ya kijinga. Alisema tope la gati ni kijiko, na tope la mito ni pipa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023, mvua iliyonyesha magharibi na kaskazini ya Rwanda iliua watu zaidi ya 120. Mto Sebeya uliacha njia yake huko Rubavu, ukabomoa nyumba, ukapeleka mashamba mazima ziwani. Kijiko cha fundi ni nini mbele ya pipa hilo? Jibu ni kwamba pipa halina mwenyewe wa kuhojiwa kwa siku moja. Linataka matuta, miti na miaka. Kijiko kina mwenyewe, tena anajulikana kwa jina na kwa saini. Isitoshe, kijiko hicho humwagwa pale pale mama wa mwalo anapotumbukiza dumu lake.

Yalikuwapo pia maswali ya hofu. Wazee wa mwalo waliuliza kama kuchimba hakutatoboa ile gesi inayosemwa kuwa ndani ya Kivu. Gesi ipo kweli: kiasi cha kilomita za ujazo 300 za kabonidioksaidi na 60 za methani, na watu wakikumbuka ziwa Nyos la Kameruni, lililoua watu wapatao 1,700 mwaka 1986, hawakosi haki ya kuuliza. Lakini gesi hiyo imekandamizwa na uzito wa maji kilindini, mita zaidi ya 250 chini, katika ziwa lenye kina cha mita 485. Mtambo wa KivuWatt huko Karongi huivuta kwa mabomba marefu ili kufua umeme. Sepetu ya mchimba gati haifiki huko.

Mwezi wa Aprili mama alisafiri mwenyewe kufuata mzigo wake. Aliyaona maji ya mwalo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, na katikati yake mumewe ndani ya mashua akiteremsha sahani nyeupe iliyofungwa kamba. Alicheka kwanza, alidhani ni sahani ya nyumbani imeibwa. Kumbe ni kipimo cha zamani na cha kuheshimiwa. Padre mmoja Mtaliano, Angelo Secchi, mtaalamu wa nyota, aliteremsha sahani za namna hiyo katika bahari ya Mediterania mwaka 1865, na tangu hapo wapimaji wa maziwa na bahari hawajaiacha. Sahani hushushwa mpaka isionekane, kamba huwekwa alama, na urefu huandikwa. Vijidudu na mafuta hupelekwa maabara kwa chupa, lakini tope laweza kupimwa na mtu yeyote mwenye macho na uaminifu. Siku hiyo sahani ilipotea kabla ya mkono mmoja wa kamba. Kiangazi, daftari lilionyesha, ilipotea baada ya mkono wa nne.

Kibali kilitoka mwishoni mwa Mei, nacho kilikuja na masharti yake. Kuchimba ni Juni hadi Agosti tu. Tope lililotolewa lipelekwe juu, mbali na ufuko, lisirudi na mvua. Pazia zito la turubai lining'inizwe kwa maboya kuzunguka mahali pa kazi, upindo wake wa chini ukitiwa mawe. Petroli ya mashine za mashua ikae ndani ya kijiukuta cha saruji, na oili chakavu isimwagwe majini. Choo kiwe na shimo lililojengwa, si la kuvujia ziwani. Sharti la mwisho liliwagusa wachuuzi wenyewe: hapana kuosha samaki wala magunia gatini. Kwa hilo akina mama walinung'unika sana, yeye akiwa wa kwanza, kwa kuwa kuosha magunia pale kuliokoa nauli ya kuyarudisha yakinuka. Mumewe alisoma sharti hilo kwa sauti mara mbili, hakutazama upande wake, akalikunja.

Kazi ilianza Juni. Kila asubuhi sahani ilishushwa mahali pawili, ndani ya pazia na nje yake. Ndani ilipotea upesi, kama ilivyotazamiwa. Nje ilionekana hadi mkono wa nne. Siku ya tisa, nje ikapotea katika mkono wa pili. Askari hakusubiri mashauri. Alimwamuru fundi asimamishe kazi. Fundi alilalamika kwamba mshahara wa vibarua unakwenda bure na kwamba huenda mto umeleta tope. Akaonyeshwa daftari: hapakunyesha kwa siku kumi na mbili. Mpiga mbizi akazama, akakuta turubai limepasuka urefu wa mikono miwili kwenye pembe ya kusini.

Turubai jipya lilikuwa Kigali. Mama alikuwapo mwaloni siku hiyo akifunga magunia yake, akauliza pazia limepasuka kwa kuraruka au kwa kukatika. Alipoambiwa limeraruka, alitoa katika kikapu sindano yake ya kushonea magunia na kitunguu cha uzi wa nailoni, akawaita wenzake wawili. Walishona ufukweni mpaka taa ya kandili ikawashwa, mshono wa kwenda na kurudi, kama washonavyo gunia la kilo mia. Saa mbili ya kesho yake pazia likarudishwa majini. Fundi alisimama pembeni na vibarua wake, masepetu mikononi. Sahani ikateremshwa nje, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, na askari akaandika nne.