Asilimia Nne

Babu tulimzika Lushoto siku ya Jumatano. Ijumaa, ukoo ulipokaa kuanua matanga, mimi mjukuu wake wa kwanza sikuwepo. Nilimwambia mama kwamba kazini wananitafuta, nisipopokea simu ya bosi nitaingia matatani. Uongo mtupu. Hakuna aliyekuwa akinitafuta.

Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku wa mazishi na simu yangu ilibaki na asilimia nne. Ile alama nyekundu ya betri naikumbuka kuliko maneno ya shehe kaburini. Viganja vilinitoka jasho. Mara tatu nilihisi simu ikitetema mfukoni, nikaitoa: kimya. Nikapanda bodaboda mpaka kibanda cha sola kule barabarani, ambako simu huchajiwa kwa shilingi 500, kila moja imefungwa kikaratasi chenye namba kwa mpira.

Ilipowaka nilikuta ujumbe mmoja tu, wa kampuni ya simu, ukinikumbusha kununua kifurushi. Ningeondoka hapo hapo. Badala yake niliketi juu ya kreti la soda, waya ukiwa bado ukutani, nikatazama video za magoli, nikatazama paka, nikatazama jamaa anayegeuza chipsi mayai kwenye kikaango kikubwa kama ungo. Nadhani saa mbili zilipita.

Baba mdogo ndiye aliyenikuta. Hakugomba. Alikitazama kioo, yule jamaa wa chipsi bado anageuza, akasema: “Kikao kimekwisha. Tulikungoja utoe neno la wajukuu. Kasema mdogo wako.”

Niliporudi Dar nilijipima kwa dodoso la nomofobia, yaani hofu ya kukosa simu, lililotungwa na Caglar Yildirim na Ana-Paula Correia wa chuo kikuu cha Iowa State, Marekani, mwaka 2015. Lina kauli 20, kila moja unaipa alama 1 hadi 7. Ukifika 100 hofu yako inahesabiwa kali. Nilipata 112. Kwenye ile ya kuishiwa betri nilijipa 7 bila kufikiri.

Siku zote nilijitetea kwamba walionaswa na simu ni wacheza kamari, mimi naangalia video tu, napumzika. Lakini kwenye foleni ya Mbagala nilikuwa nazo, chai ikichemka ninazo, chooni ninazo. Hazina mwisho, na hilo halikutokea kwa bahati: Aza Raskin ndiye aliyebuni mwaka 2006 ule ukurasa usiofika chini, na baadaye akakiri hadharani kwamba anajutia. Simtupii yeye lawama. Kidole kilikuwa changu. Nilikuwa nimeyahamishia mapumziko yangu yote humo ndani, na betri ilipokaribia kuisha sikuwa na pengine pa kukaa na kichwa changu. Hata kumlilia babu sikujua pa kuanzia. Kwenye mkeka, katikati ya shangazi zangu, nilichokiogopa ni kuachwa na huzuni yangu bila kitu cha kuitazamia pembeni.

Baba mdogo hakumwambia mama. Juzi mama aliniuliza kama yule bosi ameacha kunisumbua.

“Ameacha, mama,” nikajibu, kidole kikipandisha video nyingine.