Baba, semi ya mtumba na taa zinazosema Kiingereza

Madereva wengi wa umri wa baba yangu walijifunza magari makubwa kwa masikio. Yeye alianza kama utingo, akashika usukani, na kwa zaidi ya miaka 30 ametambua gari linaumwa nini kwa kusikiliza mlio tu. Sasa ana miaka 59, ana presha, na mwaka huu yeye na mdogo wake wamechukua mkopo wakanunua kichwa cha Scania kilichotumika Uingereza. Magari ya kule yanapendwa kwa sababu usukani uko kulia kama wetu. Kazi yake ni kubeba ufuta na korosho za Nachingwea na Ruangwa hadi Mtwara, na mara nyingine kupakia simenti kutoka Mtwara kwenda Dar es Salaam.

Gari hili halisemi kwa mlio. Ukifunga milango, ndani kumetulia kama sebuleni. Linasema kwa taa na maneno ya Kiingereza kwenye kioo kidogo mbele ya usukani, na Baba aliishia darasa la saba. Wiki ya kwanza alipaki pembeni akanipigia simu saa tano usiku. "Mwanangu, imewaka taa ya njano na chini pameandikwa. Nikusomee herufi moja moja?" Yalikuwa maji ya kuoshea kioo yameisha. Tulicheka, lakini baada ya kukata simu usingizi haukuja. Siku nyingine ingekuwa oili, au breki.

Nikachukua likizo ya siku nne nikaenda Ruponda, gari likiwa limepaki kwa shangazi likisubiri mzigo. Mimi ni mwandishi wa habari za afya, hata tairi sijawahi kubadili. Lakini kazi yangu ni kuchukua maneno ya wataalamu na kuyafanya yaeleweke, basi nikapakua kitabu cha gari kwenye simu, Baba akaleta daftari lake, tukapanda.

Tulianza na rangi, kama wauguzi wanavyopanga wagonjwa wa dharura. Nyekundu, simama mahali salama uzime injini. Njano, kuna kitu cha kuangaliwa mapema. Kijani na bluu, kitu fulani kimewashwa na kinafanya kazi. Baba alichora kila alama kwa mkono wake na kuandika Kiswahili pembeni.

Kwenye upepo, yeye ndiye alikuwa mwalimu. Kuna mishale miwili, kwa sababu breki zimegawanywa njia mbili ili moja ikifa nyingine ibaki. Breki ya kuegesha hubanwa na springi kali, na upepo ndio unaoiachia. Upepo ukiisha, gari linajifunga. Hapo akanyamaza kidogo, akawaangalia watoto wa jirani waliokuwa wakining'inia kwenye ngazi ya mlango. "Matangi yakiwa yamejaa, mtoto akichezea hendibreki hii, gari linaondoka hata injini ikiwa imezimwa." Mzazi unayepakiwa lori uani kwako, tafadhali isome tena sentensi hiyo. Milango ifungwe kwa ufunguo na magurudumu yawekewe vizuizi. Shangazi aliwashusha watoto kwa fimbo ya mchongoma, nami sikumtetea yeyote.

Ruponda imewahi kuletewa mashine za mbali zaidi ya hii. Mradi wa karanga wa Waingereza uliokwama mwaka 1951 uliacha huku hadithi za matrekta na reli ya kutoka Mtwara, ambayo nayo iling'olewa. Baba anasema mashine hizo zilikuja na watu wa kuziendesha, ila hazikuja na mtu wa kuzieleza.

Kitanda cha nyuma ya viti ndicho nilichokikagua kama mwandishi wa afya. Kiyoyozi hufanya kazi injini ikiwa inawaka tu, hivyo usiku dereva hufungua madirisha na kulala na mbu. Shangazi alishona chandarua kidogo cha kulabu nne. Vidonge vya presha vilikuwa juu ya dashibodi, mahali penye jua kali kuliko pote ndani ya gari. Tukavihamishia kwenye kisanduku chini ya kitanda. Lililonitisha zaidi ni jiko la mkaa la utingo. Wakipata mzigo wa Makambako mwezi wa sita au wa saba, baridi huwafanya waliingize ndani na kufunga vioo. Moshi unaoua humo hauna rangi wala harufu, na mtu huondoka akiwa usingizini. Jiko sasa linabaki nje, na utingo amepewa blanketi la pili.

Halafu kuna kifaa cha kurekodi muda wa kuendesha. Ulaya, dereva wa lori akiendesha saa nne na nusu anatakiwa kupumzika dakika 45, na kifaa hiki ndicho shahidi wake. Baba alikiona kama kelele tu. Nilipomweleza, aliuliza, "Kwa hiyo huko dereva akichoka si uvivu?" Nikamjibu kuwa huko ni sheria.

Jioni Baba mdogo alifika. Baada ya shikamoo nikamweleza kuhusu mapumziko na presha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, benki hailali." Ana hoja. Rejesho la mkopo ni la kila mwezi, na safari ya Dar inazidi kilomita 500. Nikamwambia kwamba dereva akilala kwenye usukani rejesho litabaki palepale, na wa kulilipa atakuwa yeye peke yake. Shangazi akaingilia, akataka apatikane dereva wa pili kwa safari za Dar. Baba mdogo akasema atapiga hesabu.

Bado anapiga. Gari liliondoka na ufuta saa kumi na moja alfajiri, daftari likiwa mfukoni mwa mlango. Safari ya Mtwara Baba anaimudu peke yake. Ya Dar imepangwa Jumatatu, na leo asubuhi Baba mdogo ameniomba namba ya kijana mmoja wa Ruangwa mwenye leseni.