Ubeti wa Tamati na Adabu ya Kung'atuka

Wahenga walinena kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Sisi watunzi wa mashairi twalijua neno hili kwa vitendo, kwani ubeti wa tamati ndio unaotutoa jasho. Humo mtunzi hafungui jambo jipya. Huaga, hutaja jina lake, kisha huweka kalamu chini.

Nilikumbuka kanuni hiyo nilipoitazama The West Wing, tamthilia ya mfululizo iliyoonyeshwa na televisheni ya NBC ya Marekani tangu mwaka 1999 hadi 2006. Kwa misimu saba ilisimulia maisha ya ofisi ya Rais Josiah Bartlet, mhusika wa kubuni aliyeigizwa na Martin Sheen. Mwanzilishi wake, Aaron Sorkin, aliiacha mwaka 2003 baada ya msimu wa nne, wengine wakaiendeleza. Mimi niliyeitumikia serikali miaka mingi niliipenda kwa kuwa haikumwonyesha Rais peke yake. Iliwaonyesha pia watumishi wake, waandikao hotuba na kukesha juu ya majalada.

Msimu wa saba ulipoanza Septemba 2005, mambo yaligeuka. Mtazamaji alitolewa Ikulu akapelekwa barabarani, katika kampeni za wawili waliotaka kumrithi Bartlet: Matt Santos wa chama cha Democratic, aliyeigizwa na Jimmy Smits, na Arnold Vinick wa chama cha Republican, aliyeigizwa na Alan Alda. Tarehe 6 Novemba mdahalo wao uliigizwa moja kwa moja hewani, mara mbili usiku mmoja, kwa watazamaji wa mashariki na wa magharibi ya nchi ile. Bartlet, aliyekuwa kitovu cha kila kisa, akawa haonekani ila kwa nadra. Mtazamaji aweza kunung'unika kwamba tamthilia imepoteza nafsi yake. Mimi naona imesema kweli. Mkuu wa ofisi akikaribia kustaafu, wageni huanza kuelekea mlango mwingine, na majalada humsubiri mrithi kabla hata barua ya uteuzi haijafika.

Kisha mauti yakaingia. John Spencer, aliyeigiza Leo McGarry, mgombea mwenza wa Santos, alifariki tarehe 16 Desemba 2005. Waandishi hawakumtafuta mwigizaji mwingine. Walimfisha Leo usiku wa uchaguzi wenyewe, ushindi na msiba vikapokelewa pamoja.

Kilichonigusa zaidi ni kisa cha Toby Ziegler, mmoja wa waandishi wa hotuba za Rais. Alimpa mwandishi wa habari siri ya chombo cha kijeshi cha anga, ili waokolewe wanaanga waliokwama katika kituo chao huko juu. Rais alimfukuza kwa hasira. Sisi tuliokula kiapo cha kutunza siri hatuwezi kulitazama jambo hili kama mchezo. Mtumishi akimpa siri mtu asiyestahili, nani tena atamwamini? Lakini akinyamaza watu wakafa, kiapo chake kimemlinda nani? Siku ya mwisho ya utawala wake Bartlet alitia saini msamaha. Kazi hakumrudishia, bali alimwepusha na kifungo. Naiona hukumu hiyo kuwa ya busara: heshima ya kiapo ilibaki, na utu haukusahauliwa.

Santos alishinda, akamwomba mshindani wake Vinick awe Waziri wa Mambo ya Nje. Katika sehemu ya mwisho, tarehe 14 Mei 2006, Bartlet alikabidhi madaraka akapanda ndege kurudi kwao. Hapa kanuni ya ushairi na kanuni ya uongozi huachana: jina linalotajwa katika ubeti wa tamati wa utawala si la anayeondoka, bali la anayeingia.

Watanzania tunalo neno la adabu hiyo. Mwalimu Nyerere alilitoa katika Kizanaki, naye akalitimiza mwaka 1985 alipong'atuka urais. Tangu zamani tumefundishwa kwamba cheo ni dhamana, na mwenye dhamana hana budi kuirudisha. Walimu wasomapo na wanafunzi wao tamthilia yoyote ihusuyo utawala, wasiishie kuuliza shujaa aliingiaje madarakani. Wawaulize pia alitokaje, na aliwaachaje waliomtumikia.