Kiswahili na Karai

Ndugu walimu, sisi tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda tumezoea kusikia kwamba lugha hii ni ya darasani na ya kambi za askari, wala si ya nyumbani. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini hakuna katiba iwezayo kukiingiza jikoni. Kazi hiyo ni yetu. Kwa hiyo nyumbani kwetu tumekata shauri kupika chakula kimoja kigeni kila Jumamosi, na kutaja kila kitu kwa Kiswahili.

Juma lililopita tulipika tambi za kuku za Kichina. Wachina huziita chaomian: chao ni kukaanga, mian ni tambi. Katika maandishi yao, neno chao huandikwa likiwa na alama ya moto upande wa kushoto, na kwa kweli moto ndio siri ya upishi huu. Kila kitu hukatwa kabla jiko halijawashwa: nyama ya kidari vipande vyembamba, karoti, kabichi, vitunguu, tangawizi. Tambi huchemshwa, zikachujwa zingali ngumu kidogo, zikatiwa mafuta zisigandane. Karai likianza kutoa moshi, nyama hutangulia, nayo ikiiva hutolewa. Hufuata karoti, kisha kabichi. Mwisho tambi, nyama na mchuzi wa soya. Karai likijazwa kupita kiasi moto hushindwa, mboga hutoa maji, na kilichokusudiwa kukaangwa huchemka.

Hapo binti yetu akauliza: Kiswahili kina neno la kitendo hiki? Kukaanga peke yake hakutoshi, kwani hata samaki aliyetulia katika mafuta hukaangwa. Jibu tulilipata katika sarufi tunayoifundisha kila siku. Kitenzi kikirudiwa huonyesha jambo litendekalo tena na tena: geuza, geuzageuza. Basi tambi hizi hukaangwa kwa kugeuzageuza. Binti yetu alilitamka neno hilo huku mwiko u mkononi, na hatudhani atalisahau.

Maneno mengine yalikuwapo tayari. Karai lilitujia kutoka Bara Hindi, na chai tuliyoinywa baada ya chakula asili yake ni huko huko China. Lugha yetu haijapata kuogopa wageni wa mezani.

Walimu wenzetu, mitihani tutaendelea kuitunga. Lakini mwanafunzi atakayejifunza kupika kwa Kiswahili atakuwa na sababu ya kukisema hata baada ya mtihani.