Filimbi Shingoni, Mgonjwa Nyumbani

  Mimi ni yule mzee wa kamati ya michezo ambaye wengi mnaniona uwanjani na filimbi shingoni. Leo siandiki juu ya mechi. Nataka kuwaelezea habari za bwana mmoja wa Marekani aliyeongoza michezo katika chuo kikuu cha Kikristo, na jinsi habari zake zilivyonikuta nimekosea nyumbani kwangu.

Mwaka 2021 mama watoto alipatwa na kiharusi. Asubuhi alikuwa anachambua maharage, mchana mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Hospitali walifanya walichoweza, wakaturudisha nyumbani. Tuna watoto wanne, na mkubwa ni msichana, wakati ule yuko darasa la sita. Yeye ndiye aliyebaki na mama yake. Hakuna mtu aliyemwambia aache shule. Ila kila asubuhi aliniuliza, "Papa, leo nani atabaki na mama?" Nami nachukua filimbi yangu, namjibu, "Leo baki wewe, kesho tutaona." Kesho hiyo ilifika karibu mwaka mzima.

Niseme ukweli. Kamati haikuwa na kazi nyingi kiasi hicho. Uwanjani watu wananiita Mzee, nikipiga filimbi wanasimama. Nyumbani kuna mtu anayetaka kuoshwa na kulishwa, na sikujua hata nianzie wapi. Tena niliogopa maneno ya wanaume wenzangu wakiniona bombani nimepanga foleni na ndoo. Basi nikawa najificha uwanjani. Watu walinisifu eti najitolea.

Siku moja nilikwenda kumwomba padre mmoja mgeni atusaidie kupata mipira. Padre huyo aliwahi kusoma katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimbo la Indiana. Sisi tuliosoma Kifaransa tunajua jina hilo ni la Mama Maria. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1842 na Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo mapadre wake wako pia hapa jirani Uganda tangu mwaka 1958. Padre alisikiliza habari zote za ligi yetu. Halafu akaniuliza, "Na nyumbani hawajambo?" Nikasema hawajambo. Kumbe alikuwa ameshasikia. Hakunigombeza. Alianza tu kunisimulia habari za Edward Krause.

Krause alizaliwa Chicago mwaka 1913. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Lithuania, nchi ndogo ya Ulaya. Jina la ukoo wao lilikuwa Kriaučiūnas. Alipokuwa sekondari, kocha wake alishindwa kulitamka, akalikata, akampa jina la Krause. Juu yake akaongezewa jina la utani, Moose, yaani yule mnyama mkubwa wa nchi za baridi mwenye pembe pana, kwa sababu kijana alikuwa na mwili mkubwa sana. Hapo nilicheka kidogo. Siku ya kuandikishwa hata mimi jina langu liliandikwa nusu, na hiyo nusu ndiyo iko kwenye kadi mpaka leo. Najua wengi wenu mnanielewa.

Mwaka 1930 aliingia Notre Dame. Alicheza mpira wa Kimarekani, ule mrefu unaoshikwa kwa mikono. Alipoingia kocha alikuwa Knute Rockne, ambaye mwaka uliofuata alikufa katika ajali ya ndege. Alicheza pia mpira wa kikapu, na huko ndiko alikong'ara zaidi, akahesabiwa kati ya wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Alimaliza masomo mwaka 1934. Akafundisha katika vyuo vingine vya Kikatoliki, akarudi Notre Dame kuwa kocha. Vita Kuu ya Pili ilimchukua, akatumika na kikosi cha Marines upande wa bahari ya Pasifiki, kisha akarudi tena.

Mwaka 1949 alipewa kazi ya mkurugenzi wa michezo, akaishika mpaka 1981. Hiyo ni zaidi ya miaka 30, ndugu zangu. Si mnajua kazi kama hiyo inavyokuwa? Kocha analalamika, mchezaji anakasirika, watazamaji wanataka ushindi kila wiki, na wakubwa wanauliza hesabu ya pesa. Katika miaka yake timu ya mpira wa Kimarekani ilichukua ubingwa wa taifa mwaka 1949, 1966, 1973 na 1977. Lakini kulikuwa na vipindi vibaya pia. Mwaka 1956 timu ilicheza mechi 10 ikashinda 2 tu. Makocha walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Mwaka 1968 lilifunguliwa jengo kubwa la michezo ya ndani. Mwaka 1972 chuo kikaanza kupokea wasichana katika masomo ya kawaida ya shahada, na michezo ya wasichana nayo ikabidi itafutiwe nafasi.

Jambo moja lilinipendeza kama mtu wa kamati. Kwa miaka karibu 45 chuo kilikataa kucheza zile mechi za heshima za mwisho wa msimu, kwa kuona zinawapotezea vijana muda wa masomo. Wakuu wa chuo walipokubali tena, timu ikacheza Texas tarehe 1 Januari 1970. Ilifungwa 21 kwa 17. Lakini pesa zilizopatikana waliamua zisaidie masomo ya wanafunzi wa jamii za wachache, wakiwemo weusi. Yaani mpira ulimlipia mtoto shule. Mimi kwangu mpira ulikuwa unamnyima mtoto shule.

Hapo padre akanyamaza kidogo, ndipo akanieleza juu ya mke wake, Elise. Mwaka 1967 mama huyo alipata ajali mbaya ya gari, akaumia ubongo. Hakurudi tena kama alivyokuwa. Krause wakati huo ni mtu mkubwa, anajulikana nchi nzima. Hakuacha kazi, lakini mke wake hakumwacha. Alimtunza, na hata alipohamishiwa nyumba ya wagonjwa aliendelea kwenda kukaa naye na kumlisha kwa mkono wake. Mama huyo alifariki mwaka 1990. Hesabuni wenyewe, ni miaka 23. Yeye Krause alifuata mwaka 1992.

Wala hakuwa malaika. Pombe ilimsumbua sana, mpaka akakubali kwamba imemshinda, akaiacha, na hakuona haya kuwaeleza wengine ili wapone. Hili nalitaja kwa makusudi. Gongo inavyoharibu nyumba za kambi yetu hakuna asiyejua. Kiongozi anayeficha shida yake anafundisha vijana kuficha.

Nilitoka kwa padre na mipira miwili, lakini njiani sikuifurahia. Nikafika nyumbani, nikamkuta binti yangu anamgeuza mama yake peke yake, jasho linamtoka. Nikamwambia, "Mama, kesho utaenda shule." Aliniangalia tu. Hakuniamini, na alikuwa na haki.

Asubuhi nilichukua ndoo. Bombani mwanaume mmoja akasema kwa sauti, "Mzee wa michezo leo amekuwa mama!" Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana ningefanya nini? Baada ya wiki mbili waliacha. Kumwosha mgonjwa nilifundishwa na mama jirani, Mungu ambariki. Uji wa kwanza nilioupika ulikuwa na mabonge, mama watoto akatema. Wa pili akameza.

Kamati nayo ikabidi ibadilike. Niliwaambia wenzangu mimi jioni tu ndiyo napatikana, asubuhi ni ya nyumbani. Nilidhani wataniondoa. Kumbe wako vijana wanne waliokuwa wanajua kazi kuliko mimi, sikuwahi kuwapa nafasi. Mmoja akachukua ratiba, mwingine waamuzi, mwingine vifaa. Na timu ya wasichana ambayo niliikawiza kila msimu, wao waliianzisha kwa mwezi mmoja.

Siku hizi mikutano ya kamati tunaifanya uwani kwangu. Mama watoto anakaa kwenye mkeka wake karibu nasi. Maneno yamerudi machache, lakini masikio ni mazima. Vijana wakianza kupayuka juu ya penalti, yeye anagonga kijiko kwenye kikombe kwa mkono wa kushoto, nao wananyamaza. Filimbi yangu haijawahi kunyamazisha watu haraka vile.

Binti yangu alirudia darasa la sita akiwa mkubwa kuliko wenzake. Mwaka ule nilioula sitaweza kumrudishia. Nimemwomba msamaha mbele ya wadogo zake.

Wazazi wenzangu, hasa sisi wanaume tunaopenda kuitwa viongozi, wa michezo, wa kanisa, wa msikiti, wa zoni: kabla hujatoka asubuhi, tazama nani unamwacha nyumbani abebe mzigo wako. Kama ni mtoto wa shule, tua hiyo filimbi kwanza. Wako vijana wataipiga.

Padre aliniambia kwamba pale chuoni Krause amewekewa sanamu. Wamemtengeneza amekaa kwenye benchi, na pembeni yake nafasi iko wazi, mtu akipita anaweza kukaa naye.

Ni mimi ndugu yenu wa kamati ya michezo. Tukutane uwanjani, jioni.