R ya Shosho

Januari 2008, tukiwa kwenye matatu tukitoka Nakuru, mathe aliniambia nisifungue mdomo. Waliofunga barabara wakiniuliza kitu, nikohoe tu. Nilikuwa na miaka tisa. Tulipita salama, lakini nilikohoa mpaka tukafika Nairobi.

Kikohozi hicho kilinirudia majuzi usiku, bando ikikaribia kuisha, nikisoma kuhusu Lawrence Abu Hamdan. Jamaa alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1985, na kazi yake kubwa ni kusikiliza. Kwenye video yake Walled Unwalled ya 2018, anasimama ndani ya studio ya zamani ya redio huko Berlin akisimulia kesi ambazo ushahidi wake ulipenya ukuta. Ni kali. Lakini iliyonishika ni ya 2012, Conflicted Phonemes.

Wasomali walioomba hifadhi Uholanzi walikuwa wakipimwa lafudhi, iamuliwe kama kweli wametoka wanakosema. Silabi moja inaweza kukuangusha. Abu Hamdan alikaa na waliokataliwa, na kutoka hapo zikachorwa ramani: vita, njaa, kuhama, watu uliokutana nao njiani, vyote vikiacha alama kwenye ulimi. Yaani lafudhi si cheti cha kuzaliwa.

Yangu angeichora mpaka achoke. R na L ni za shosho wa Murang'a, hubadilishana viti zikijisikia. Kiswahili ni cha Nakuru, Sheng ya Kayole, Kizungu cha mwalimu mmoja Mjaluo wa darasa la tano.

Baada ya kuacha chuo (karo, hiyo ni stori ndefu), niliomba kazi ya kujibu simu. Aliyenihoji alinisikiliza kama dakika mbili, kisha akauliza natoka wapi. Nairobi, nikasema. Akacheka. "Hapana, kwenu kwenu."

Sikuitwa tena. Siwezi kuapa ni R iliyoninyima. Na mimi pia si msafi: wanaoshrabu TikTok huwa nawacheka, na kuna siku nilimsahihisha shosho kwa simu aliposema "Rondoni". Alinyamaza, halafu akasema ana ng'ombe wa kukama.

Jumapili nilimpigia tena. Nilimwomba anitajie kila mahali alipowahi kuishi, nirekodi. Alianza na kijiji walichohamishiwa kwa nguvu wakati wa Hali ya Hatari, akaendelea polepole, akicheka katikati. Alipofika Nakuru akasita, akauliza hiyo simu inarekodi kila kitu.